Kuchagua matairi ya gari la spoti linalotembea Dodoma kila siku

Kabla hujaulizia bei ya tairi jipya, inama uangalie yaliyopo. Magari mengi ya spoti yanayotembea Dodoma, kuanzia Impreza WRX, Altezza na Mark X hadi Golf GTI na BMW, yameletwa kutoka Japani yakiwa yametumika. Baadhi yametoka mikoa ya kaskazini ya nchi hiyo, yenye theluji, na yamefika bandarini yakiwa bado na matairi ya baridi. Tairi la baridi huwa na kashata nene, yaani ule mpira wa juu wenye mifereji unaogusa barabara, kwa hiyo mnunuzi hufurahi akidhani amepata gari na matairi mapya juu yake. Soma ubavuni. Likiandikwa STUDLESS, au likiwa na alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji katikati, ni la baridi. Blizzak ya Bridgestone na iceGUARD ya Yokohama ndiyo majina yanayoonekana sana. Dalili nyingine ni mikato myembamba iliyojaa kila kashata, na mpira unaobonyea kwa ukucha.

Mpira huo ulitengenezwa ubaki laini juu ya barafu. Kwenye lami ya Dodoma saa nane mchana mwezi wa Novemba, ambapo lami yenyewe hupita nyuzi joto 50, unalegea kupita kiasi. Kashata zinajipinda kwenye kona, stelingi inajibu kwa kuchelewa, gari linachukua umbali mrefu zaidi kusimama, na tairi linaisha upesi. Yatoe hata kama yana milimita 7 za kashata.

Kinachotakiwa ni tairi la kiangazi, lile ambalo Wazungu hulivua majira ya baridi kwa sababu mpira wake hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Hata asubuhi za Julai, upepo wa Dodoma unapomlazimisha mtu kuvaa sweta, hatufiki huko. Kwa hiyo tairi la kiangazi kwetu ni la mwaka mzima, na lile la misimu yote lenye herufi M+S (tope na theluji) halikupi chochote cha ziada.

Mshiko kwenye lami kavu ndio unaosifiwa sana kwenye matangazo, lakini kwa gari la kila siku hapa uweke mwisho. Tairi lolote zuri la daraja hili lina mshiko mkavu kuliko unaoweza kuutumia kihalali kati ya Kisasa na Mji wa Serikali Mtumba. Vinavyotofautisha chaguo zuri na baya ni vitu vitatu: ubavu unaohimili mashimo, uwezo wa kukata maji, na tarehe ya kutengenezwa.

Saizi na ubavu

Saizi halali ya gari iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, si kwenye matairi uliyoyakuta. Mwenye gari wa kwanza kule Japani huenda alibadilisha rimu. Chukua mfano wa 225/45R17 94W; Golf GTI ya kizazi cha tano ilitoka na saizi ya 225/45R17. Upana wa tairi ni milimita 225. Kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, yaani milimita 101. Rimu ni inchi 17. Namba 94 ni mzigo, kilo 670 kwa kila tairi, na W ni mwendo wa juu, kilometa 270 kwa saa. V ni 240, H ni 210, Y ni 300. Hutakimbia hivyo, lakini herufi ya juu ina maana tairi limejengwa kustahimili joto zaidi, na joto ndilo linaloua matairi kwenye safari ndefu ya Manyoni na Singida. Usishuke chini ya herufi wala namba ya mzigo iliyo kwenye kibandiko.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Gari likishafika, jambo la kwanza ni kutafuta rimu kubwa, inchi 18 au 19, na tairi la ubavu mfupi wa asilimia 35. Barabara kuu za Dodoma ni nzuri, lakini ukitoka lami kuingia mitaa ya Nzuguni, Iyumbu au Msalato unakutana na changarawe, kingo za lami zilizoliwa na maji, na matuta ambayo hayakuwekewa alama. Ubavu wa milimita 80 ukigonga ukingo wa shimo kwa mwendo wa 60, mpira unabanwa kati ya shimo na rimu, nyuzi za ndani zinakatika, na baada ya siku chache ubavu unaota uvimbe. Tairi lenye uvimbe halizibwi wala halihamishiwi nyuma. Linatupwa, kwa sababu mahali pale kilichobaki kuzuia upepo ni mpira mtupu.

Shauri letu ni kwenda kinyume: punguza rimu, ongeza ubavu. Kutoka 225/45R17 kwenda 205/55R16 kipenyo chote kinabadilika kidogo sana, kutoka milimita 634 hadi 632, kwa hiyo mshale wa spidi haudanganyi. Ubavu lakini unapanda kutoka 101 hadi karibu 113. Hizo milimita 12 ndizo zinazookoa rimu usiku usipoliona shimo. Matairi ya inchi 16 pia kwa kawaida ni nafuu na hupatikana kwa urahisi zaidi. Unachopoteza ni ukali kidogo wa stelingi unapoingia kona kwa kasi.

Kizuizi ni breki. Subaru STI yenye breki za Brembo haikubali rimu chini ya inchi 17. Kwa magari mengine, funga rimu tupu ya mbele bila tairi, zungusha kwa mkono, kata stelingi kulia na kushoto, na hakikisha haigusi kalipa, kile kishikio cha breki kinachobana diski. Kama haiingii, baki na 17 na uangalie 215/50R17: kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 2, ubavu unapata milimita 6. Ila 225/50R17 ni nyongeza ya asilimia 3.5, na hapo unaanza kugusa fenda gari likiwa na abiria wanne. Usivuke asilimia 3.

Angalia pia upana wa rimu yenyewe. Tairi la 225/45R17 linakaa kwenye rimu ya upana wa inchi 7 hadi 8 na nusu. 205/55R16 kwenye inchi 5 na nusu hadi 7 na nusu. Ile mitindo ya kuvuta tairi jembamba juu ya rimu pana ili ubavu ulale inaacha ukingo wa rimu wazi, na kwa barabara zetu rimu hiyo itapinda kabla ya Krismasi.

Daraja la tairi

Matairi ya aina hii yana madaraja matatu. La kwanza ni yale ya kiwanja cha mbio yanayoruhusiwa barabarani, kama Potenza RE-71RS, Advan Neova AD09 au Nankang NS-2R. Kashata zake ni chache na pana, mpira unanata. Mvua ikiwa nyingi yanateleza juu ya maji mapema kuliko mengine, yanaokota kokoto na kuzirusha kwenye fenda, na yanaisha haraka. Kwa gari linaloenda ofisini, ni pesa iliyotupwa.

La pili ndilo la kutafuta: Michelin Pilot Sport 4 au 5, Goodyear Eagle F1 Asymmetric, Bridgestone Potenza Sport, Continental SportContact, Yokohama Advan Fleva, Hankook Ventus S1 evo, Kumho Ecsta PS71. Haya yana mifereji mipana ya kupitisha maji na ubavu ulio imara bila kuwa mgumu kama ubao. Usikatae Hankook au Kumho kwa sababu ya jina. Tairi jipya la Korea ni bora kuliko la Ulaya lililokaa dukani miaka mitano.

La tatu ni matairi ya safari, kama Continental PremiumContact. Kama gari lako kazi yake ni Area D kwenda mjini na kurudi, na mara moja kwa mwezi Morogoro, daraja hili linatosha na litadumu zaidi. Wenye magari ya turbo hawapendi kusikia hivyo.

Ubavuni mwa tairi nyingi kuna mstari wa alama za Marekani: TREADWEAR na namba, TRACTION na herufi, TEMPERATURE na herufi. Namba ya treadwear inakadiria kudumu. Ya kiwanja cha mbio huwa 200 au chini, daraja la pili mara nyingi 280 hadi 340, ya safari mara nyingi juu zaidi. Namba hiyo anaipanga mtengenezaji mwenyewe, hivyo itumie kulinganisha matairi ya kampuni moja, si kampuni mbili tofauti. Traction inapima kusimama kwenye lami iliyolowa: AA ni ya juu, kisha A, B, C. Temperature chukua A tu. B na C zinamaanisha tairi halijathibitika juu ya kilometa 185 kwa saa, yaani halivumilii joto vizuri. Tairi likija na kibandiko cha Ulaya, angalia alama ya wingu la mvua: A hadi E. Kwa gari lenye nguvu usikubali chini ya B.

Kwa nini maji yanapewa uzito hivyo kwenye mkoa mkavu? Kwa sababu ya ukavu wenyewe. Kuanzia Mei mpaka Novemba lami inakusanya vumbi, mafuta ya malori na mpira uliosagika. Mvua ya kwanza ikinyesha, kabla haijaosha barabara, uchafu huo unakuwa utelezi. Baadaye zinakuja mvua za kishindo zinazoleta mchanga na tope kutoka kwenye makorongo mpaka juu ya lami. Tairi jipya lina kashata ya milimita 7 na nusu hadi 8. Alama ya mwisho iliyojengwa ndani ya mifereji iko kwenye milimita 1.6, lakini kwa tairi pana usisubiri hapo. Ikifika 3 ikiwa Oktoba, badilisha kabla ya mvua za Desemba.

Tarehe

Tafuta neno DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho. 2325 ni wiki ya 23 ya mwaka 2025. Huwa zimeandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo lizungushe. Saizi za spoti zinatoka polepole dukani, na Dodoma zaidi, ndiyo maana utakuta tairi "jipya" lina miaka minne huku limekaa mbele ya duka likipigwa jua. Mpira hukauka hata bila kutembea. Kubali lisilozidi miaka miwili. Kama hakuna, agiza Dar es Salaam, na mwambie muuzaji akutumie picha ya DOT ya kila tairi kabla hujalipa, si picha ya tairi moja.

Paka rangi nyeusi inayong'aa tairi lolote na litaonekana jipya. Kunja ubavu kwa mikono miwili, uangalie vijipasuko vidogo karibu na rimu na ndani ya mifereji. Jihadhari na yaliyochongwa upya: mifereji ina kingo kali na zisizolingana, na zile alama za milimita 1.6 hazipo. Tairi hilo limebakiwa na mpira mwembamba juu ya nyaya, na linapasuka likipata joto.

Manne au mawili

Gari linalovuta magurudumu yote, Subaru hasa, linahitaji matairi manne ya aina moja na yaliyochakaa sawa. Subaru inataka mzunguko wa matairi usitofautiane zaidi ya robo inchi, milimita 6.4. Hiyo ni sawa na tofauti ya milimita 1 tu ya kashata. Kwa hiyo tairi moja likichanika wakati mengine yamebaki milimita 5, huwezi kufunga jipya la 8 na kuendelea. Magurudumu yatazunguka kwa kasi tofauti muda wote, na difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, itapata joto mpaka iungue. Ukarabati wake unaweza kuzidi gharama ya matairi manne. Zungusha nafasi zake kila kilometa 8,000 ili yaishe pamoja.

Kwa Altezza, Mark X ya magurudumu mawili, BMW au Golf, unaweza kununua mawili. Mapya yafungwe nyuma, hata kama injini inavuta mbele. Nyuma ikikosa mshiko kwenye maji gari linazunguka, na dereva wengi hawawezi kulirudisha.

BMW nyingi huja na ranflati, matairi yenye ubavu mgumu yanayoweza kutembea bila upepo kilometa 80 kwa mwendo usiozidi 80. Kwenye mashimo ugumu huo unahamia kwenye rimu, na rimu zinapasuka. Kubadilisha kwenda matairi ya kawaida kunaleta raha kubwa, ila gari hilo halikuja na tairi la akiba, hivyo litafute kabla ya kuanza safari ya Mtera na Iringa.

Upepo

Kibandiko cha gari la Japani kinaandika upepo kwa kPa (kilopaskali). 220 ni psi 32 (paundi kwa inchi ya mraba), 230 ni psi 33. Ukinunua tairi lenye alama XL (lililoimarishwa) mahali pa la kawaida, ongeza psi 2 hadi 3, kwa sababu XL linabeba mzigo uleule kwa upepo wa juu zaidi. Usifuate namba ya MAX iliyo ubavuni mwa tairi. Hiyo ni kikomo chake, si kipimo cha gari lako.

Pima alfajiri kabla gari halijatembea. Hewa ndani ya tairi hupanda takriban psi 1 na nusu kwa kila nyuzi joto 10. Ukijaza 32 saa tisa alasiri tairi likiwa na joto la nyuzi 45, asubuhi ya nyuzi 18 litasoma 28. Umeendesha na upepo mdogo ukidhani uko sawa. Wala usipunguze upepo katikati ya safari kwa sababu umepanda hadi 37, unatakiwa kupanda.

Urefu wa mji nao unachangia. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje ni nyepesi. Matairi yaliyopimwa 32 hapa yatasoma karibu psi 2 pungufu Dar es Salaam kwa joto lilelile. Pima tena asubuhi ya kwanza ukifika, na tena ukirudi. Nunua kipimo chako mwenyewe, maana vipimo vya vibanda vya upepo havikubaliani hata kimoja na kingine. Naitrojeni si lazima: hewa ya kawaida tayari ina asilimia 78.

Tairi lenye upepo mdogo ndilo pia linaloelea mapema juu ya maji. Hesabu ya watafiti wa NASA ya mwaka 1963 inaonyesha kwamba tairi lisilo na mifereji ya kutosha, lenye psi 32, huanza kuelea kwenye maji mengi karibu na kilometa 94 kwa saa. Likiwa na 24, karibu na 82.

Miiba

Maegesho ya vumbi chini ya migunga yana miiba inayopenya kashata bila sauti. Tairi linapoteza psi 2 au 3 kwa wiki. Usivute mwiba mwenyewe barabarani. Tundu lililo katikati ya kashata na lisilozidi milimita 6 linazibika, na namna sahihi ni kutoa tairi kwenye rimu, kuziba tundu na kubandika kiraka kwa ndani. Uzi wa gundi unaosukumwa kutoka nje ni wa kukufikisha nyumbani, si wa kuachia. Tundu la begani au ubavuni halizibwi kwa namna yoyote, hata fundi akiapa.

Kufunga

Tairi la ubavu mfupi lifungwe kwa mashine, si kwa nondo mbili, kwani nondo huchana ukingo wa ndani na rimu. Valvu ziwe mpya. Kama kuna mshale na neno ROTATION, mshale uelekee mbele. Kama kuna OUTSIDE, upande huo uonekane nje. Kagua mwenyewe kabla nati hazijakazwa, maana kosa hili ni la kila siku. Balansi ifanywe kwa magurudumu yote manne, na rimu zisizo za kiwandani ziwe na ringi ya kujaza nafasi kwenye habu, vinginevyo stelingi itatetemeka kwenye 90 hata balansi ikiwa kamili.

Piga alaimenti siku hiyohiyo, lakini kagua kwanza bushi na tai rodi, maana gari lenye bushi zilizokwisha halishiki alaimenti. Magari yaliyoshushwa hula tairi upande wa ndani, mahali pasipoonekana ukiwa umesimama. Pitisha kiganja ndani ya tairi kila mwezi, ukiangalia nyaya zisikuchome.

Nati zikazwe kwa spana ya kipimo: Toyota nyingi ni Nm 103 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), Golf ni Nm 120. Mashine ya upepo ikikaza mpaka mwisho inapinda diski za breki. Rudia kukaza baada ya kilometa 50 hadi 100. Kwa kilometa 300 za mwanzo endesha taratibu. Uso wa tairi jipya bado una utelezi wa kiwandani, na breki za ghafla hazitakuwa kama ulivyozoea.